Ringi ya Ushirika

Binti yangu Aika alisomea muziki wa kanisa Ujerumani miaka miwili. Aliporudi, mwezi wa sita mwaka 1997, nilimpokea uwanja wa ndege, tukarusha masanduku yake nyuma ya pikapu, na kabla hatujafika nyumbani Tengeru akasema, "Mama, pitia kanisani kwanza." Nikafikiri anataka kumshukuru Mungu kwa safari. Alishuka, akaokota jiwe, akaigonga ringi mara moja, akasimama ameinamisha kichwa mpaka mlio ukaisha kabisa. Mke wa mwinjilisti akachungulia dirishani kuona nani amekufa.

"Bado ipo," Aika akasema alipoingia garini.

"Ingekwenda wapi?"

Niieleze hiyo ringi, maana ndiyo iliyotugombanisha na usharika mzima. Chama cha ushirika cha huku chini, njia ya Nduruma, kilikuwa na lori moja. Lilipokufa, kila mtu alijichukulia kipande chake, na mwinjilisti wa wakati ule akachukua ringi moja ya gurudumu, akaining'iniza kwa mnyororo kwenye nguzo mbili za chuma kando ya kanisa. Ndiyo ikawa kengele. Mapigo matatu matatu ni ibada. Mapigo ya haraka haraka ni moto au wezi wa ng'ombe. Pigo moja, kimya cha kuhesabu hadi kumi, kisha pigo jingine, hapo kuna msiba, na mwenye jembe anaacha jembe. Mtoto wa miaka mitano anayajua hayo kabla hajajua kuandika jina lake.

Mwaka mmoja kabla Aika hajarudi, usharika ulinunua spika na kinanda cha umeme, na kaseti yenye mlio wa kengele za Ulaya. Tangu hapo ibada inaitwa na kaseti. Ringi ikabakiwa na moto, wezi na maiti.

Mimi si mtu wa muziki. Nina stashahada ya mifugo ya chuo cha hapa hapa Tengeru. Nilifanya kazi ya serikali miaka kumi na sita, mwaka 1994 tukapunguzwa, nikafungua duka la dawa za mifugo karibu na soko. Wengine waliopunguzwa pamoja na mimi walikaa wakisubiri kuitwa tena. Mimi nilinunua pikapu kuukuu, nikafunga spika ya kutangazia juu ya paa, nikawa nazunguka vijijini natangaza chanjo ya kuku. Aika nimemlea peke yangu. Nilipomwacha aende Ujerumani, makubaliano yalikuwa wazi: arudi, awe mwalimu wa muziki wa dayosisi, apate nyumba na mshahara. Hilo tu.

Badala yake, mwezi mzima wa saba sebule yangu ilikuwa inalia ringi. Alikuwa ameirekodi, kisha kwa mashine aliyokuja nayo akaivuta ile sauti, pigo la sekunde chache likawa la dakika nne. Nikitoka dukani nimechoka, nakuta ngurumo kama mashine ya kusaga iliyo mbali, juu ya ngurumo sauti kama ya mtu anayevuta pumzi aanze kuimba asianze, na juu zaidi kitu chembamba, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa.

"Huo ni wimbo gani?"

"Si wimbo, mama. Ni vilivyomo ndani ya pigo moja. Vipo vyote tangu zamani, tulikuwa hatuvipi nafasi."

Alivihesabu, akapata sauti saba. Akaandika muziki wa watu watano na kaseti: tarumbeta tatu, besi ya kupuliza yenye sauti nzito, na fidla yake mwenyewe. Kila chombo kinashika sauti moja au mbili kutoka ndani ya ringi na kuipiga juu ya ile iliyomo kwenye kaseti, mpaka usijue chuma kimeishia wapi na mdomo wa mtu umeanzia wapi. Alitaka upigwe kwenye jubilei ya usharika, mwezi wa nane. Kamati ya muziki ilikuwa imeshampa dakika kumi na mbili bila kuuliza atapiga nini.

Sokoni Jumatano niliyasikia maneno ya watu. "Mama Aika, eti mtoto amerudi na nini? Miaka miwili Ulaya, amerudi na ringi!" Muuza nyanya mmoja akaongeza kwamba angekwenda gereji angejifunza bure. Nilicheka nao. Niseme ukweli, nilifikiri hivyo hivyo.

Wapigaji walikuja kufanya mazoezi uani kwangu. Besi ilikuwa ya mzee Eliamini, Mmeru mkulima wa migomba, aliyepiga besi kanisani tangu mimi sijaolewa. Siku ya tatu ya mazoezi akafika Mwalimu Gadiel, mwenyekiti wa kamati ya muziki. Huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Aika noti akiwa na miaka saba, na kinanda cha usharika alikipigania miaka minne kwenye vikao. Alisimama karibu na banda la ng'ombe, mikono nyuma, akasikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, mwalimu," Aika akasema.

"Marahaba. Tarumbeta ya pili iko chini."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na ya tatu iko juu. Na fidla sijui iko wapi. Binti, hizo sauti hazipo kwenye kinanda."

"Hazipo, mwalimu. Zipo kwenye ringi."

Gadiel akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mwenye akili nyumbani. "Mama Aika, wageni kutoka Ujerumani watakaa mstari wa mbele. Tunataka waone tumekua. Sasa tuwapigie chuma cha lori?"

Eliamini alikuwa anamwaga mate kwenye besi yake, akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, mimi nimepiga besi miaka thelathini na moja. Hii ndiyo mara ya kwanza midomo yangu inaulizwa inajua nini."

Barua ya kamati ilikuja Ijumaa. Aika abadilishe sauti tatu zilingane na kinanda na aondoe ringi, au jina lake litolewe kwenye ratiba. Chini kulikuwa na mstari kwamba kamati hiyo hiyo ndiyo itakayopeleka maoni dayosisini kuhusu nafasi ya mwalimu wa muziki.

Nikamwambia mara moja, wala sikumzungusha. "Badilisha. Sauti tatu tu. Nani atajua?"

Alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata.

"Mama, ng'ombe ana joto nyuzi arobaini na moja. Mwenyewe anakuambia, Mama Mifugo, andika thelathini na nane na nusu, kesho nampeleka mnadani. Utaandika?"

"Hiyo ni kazi. Kuna watu watakula ile nyama."

"Na hii ni kazi."

"Hakuna mtu atakayeugua kwa ajili ya tarumbeta, Aika."

"Kwa hiyo kipimo unakisoma sawasawa kwa kuwa unaogopa watu wataugua? Wasingeugua ungedanganya?"

Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Kesho yake asubuhi niliitwa kumwangalia ng'ombe aliyezaa wiki mbili zilizopita na kukataa kula. Ugonjwa wenyewe tunaugundua kwa sikio. Tumbo la nne linajaa gesi, linahama, linapanda ubavu wa kushoto. Unaweka stetoskopu ubavuni, unabetua karibu yake, yaani unapiga kwa kidole kinachofyatuka, na kama limehama unasikia mlio mkali, kama umepiga sufuria tupu kwa kijiko. Nikausikia. Niliwafundisha wengi mlio ule, na kila mara huwaambia: usikisie, usiseme ulichotarajia, sema ulichosikia.

Nilipokuwa narudi nikasimamisha gari kanisani. Stetoskopu ilikuwa bado shingoni. Nikaiweka kwenye ringi, nikaibetua kwa kidole, polepole, kama nabetua ubavu.

Zilikuwepo. Ngurumo chini kabisa. Ile ya kuvuta pumzi. Yule nzi. Na katikati nyingine ambazo sebuleni sikuwahi kuzisikiliza kwa kuwa nilikuwa nimenuna. Nikabetua mara ishirini hivi. Kila mara zilikuwa pale pale, haziyumbi, kama meno kinywani.

Ndani ya kanisa Gadiel alikuwa anafanya mazoezi na kinanda. Nikaingia na vumbi la banda kwenye buti.

"Mwalimu, nibonyezee ile noti unayosema tarumbeta ya pili inatakiwa kupiga."

Akanitazama, akaona stetoskopu, akabonyeza. Nikatoka, nikabetua ringi, nikarudi.

"Si hiyo. Ya chini yake?"

Akabonyeza. Nikatoka tena, nikarudi.

"Si hiyo pia. Ipo katikati. Nibonyezee ya katikati."

"Katikati hakuna kitu, Mama Aika."

"Kwenye ringi kipo."

"Ringi ni ringi!" Sauti yake ilipanda mpaka kwenye bati. "Mama, mimi nimetembea kwa miguu kuomba hiki kinanda, nyumba kwa nyumba. Kabla yake kila kwaya ilikuwa inaanza popote inapoangukia. Leo wote tunaanza mahali pamoja. Unataka turudi kwenye chuma?"

"Sitaki mrudi popote. Nataka dakika kumi na mbili mlizompa mwanangu."

"Kwa masharti ya barua."

"Masharti ya barua yanamtaka aandike joto ambalo ng'ombe hana."

Hakuelewa, na sikuwa na muda wa kumweleza. Akafunga kinanda, akakivika kitambaa chake cheupe. "Spika za kanisa hazitapiga hiyo kaseti," akasema. "Na ndani ya kanisa hampigi. Mkitaka, pigeni huko nje."

"Asante," nikasema. "Huko nje ndiko iliko ringi. Na spika ninayo."

Nilipofika nyumbani nikamwambia Aika asibadilishe hata moja. Alinitazama kama nimepata homa.

"Na kazi ya dayosisi?"

"Nilikuwa na kazi ya serikali, na cheti, na muhuri. Walinitoa kwa karatasi moja. Kama watakunyima, wakunyime kwa kazi yako mwenyewe; wasikupe kwa tarumbeta iliyopindishwa."

Mwanzo wa muziki ulihitaji ringi yenyewe, si kaseti: mapigo saba, kila moja liachwe life lenyewe ndipo jingine lije. Aika akanitaka niipige mimi. "Wewe hutaharakisha," akasema. "Wapigaji wote wanaharakisha wakiona watu." Nikachukua saa yangu ya kuhesabia mapigo ya moyo ya ng'ombe, nikafanya mazoezi kwenye sufuria.

Siku ya jubilei ibada ilikwisha saa saba. Baada ya chakula ukaanza mnada wa mavuno mbele ya kanisa, ndizi, mayai, majogoo, na wageni wa Ujerumani wakinunua maboga wasiyojua watayapeleka wapi. Mimi niliegesha pikapu kando ya ringi, nikaunganisha mashine ya Aika na kikuza sauti changu kwenye betri ya gari. Spika iliyozoea kusema "leteni kuku" ilielekezwa migombani. Wapigaji wakakaa kwenye benchi la shule ya awali. Wa kuwasikiliza walikuwa wawili: mke wa mwinjilisti na mbuzi.

Eliamini akanisogelea, besi kwapani. "Mama Aika. Hayo mapigo saba ya polepole."

"Ndiyo."

"Ni ya msiba."

"Najua, mzee."

"Basi watu watakuja."

"Waje."

Akaihamishia besi kwapa la pili. Kisha akaenda kukaa, akalowesha midomo.

Nikapiga. Saa mkononi, nyundo mkononi. Pigo la kwanza, na kule kwenye mnada sauti ya dalali ikaendelea. Pigo la pili, dalali akanyamaza katikati ya bei, jogoo mkononi. Pigo la tatu nikasikia viti vinaanguka. La nne, watu wanatokea pembeni ya kanisa, kwanza wanatembea, halafu wanakimbia. Kwenye njia ya mtoni akina mama wanakuja kanga mabegani. Bibi Namnyaki, jirani wa kanisa, ambaye magoti yake humruhusu kuja ibadani mara moja kwa mwezi, alifika na mwiko wa maharage mkononi. "Nani?" alikuwa anauliza. "Nani? Ni nani jamani?" La tano. La sita. Wageni wa Ujerumani nao wamekuja na maboga yao. Nikapiga la saba, nikaweka nyundo chini, na Aika akabonyeza kaseti.

Mlio wa ringi haukufa. Hilo ndilo watu walilolisikia kwanza. Maisha yao yote ringi inalia na kufa, na sasa hii ilikataa. Spika yangu iliushika mlio, ikaurefusha, ngurumo ikatoka chini taratibu, na ndani ya ngurumo Eliamini akaingia na besi, polepole kiasi kwamba nilimwona anapiga kabla sijajua namsikia. Watu wapatao mia tatu wakasimama na maswali midomoni.

Gadiel alifika amekunja uso, tai imegeuka mgongoni. "Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema.

"Mmewatia watu hofu kwa ajili ya hiki?" Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu, kwenye waya wa betri. Nilikuwa mbali naye hatua sita, nisingemfikia. Aliyemfikia ni Bibi Namnyaki. Alimshika mkono wa koti kwa mkono ule wenye mwiko, maharage yakamchafua.

"Mwalimu, acha hapo."

"Bibi, wanacheza na msiba!"

"Nimekimbia mimi. Na magoti haya. Ukizima, nitasikiliza nini, upepo? Nyamaza, baba, nijue nilichoitiwa."

Gadiel akasimama, waya karibu na vidole. Tarumbeta ya pili ikaingia, ile ya chini, ya katikati, isiyo na mahali kwenye kinanda. Nilimwona anaisikia. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyeuma pilipili. Kisha ya tatu ikaingia, na fidla ya Aika juu kabisa, yule nzi, na vyote vikakaa juu ya chuma cha lori la ushirika kama vilizaliwa humo. Gadiel hakuugusa waya. Hakuondoka pia. Mkono wa koti ulikuwa bado umeshikwa.

Sitasema watu walilia au walipiga vigelegele. Wengine walikaa chini kwenye nyasi. Vijana watatu walicheka, wakatazamwa, wakaacha. Mgeni mmoja wa Ujerumani alitoka kurudi kwenye mnada. Lakini wengi walisimama wima, kofia mikononi, kama wanavyosimama jeneza linapopita, dakika kumi na mbili kamili. Nilizipima.

Mwisho wake kaseti inaondoka, vyombo vinaondoka kimoja kimoja, na anabaki Eliamini peke yake na ngurumo, mpaka pumzi yake inaisha.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza yule dalali, jogoo bado mkononi.

"Imekwisha," Aika akasema. Akaishusha fidla.

Gadiel akajitoa mkononi mwa Bibi Namnyaki, akajifuta maharage. "Tarumbeta ya pili bado iko chini," akasema.

"Iko mahali pake, mwalimu," Aika akamjibu.

Jumanne niliitwa kwenye baraza la wazee. Mchungaji aliongea taratibu, na nusu ya aliyoyasema yalikuwa haki. Niliwatia watu hofu kwa makusudi. Kuna mama alidhani ni mumewe aliyelazwa hospitali. Nilisimama nikaomba radhi kwa hilo, nikimtaja yule mama kwa jina, na nikamwomba radhi Bibi Namnyaki kwa maharage yaliyoungua. Sikujitetea.

"Na kwa zile kelele," akasema mzee mmoja. "Uombe radhi pia kwa zile kelele mlizopiga siku ya jubilei."

"Hapana."

"Mama Aika."

"Hapana, mzee. Zile hazikuwa kosa."

Katibu akainua kalamu. "Sasa niandike nini kwenye muhtasari? Muziki, au kelele?"

Wote wakamgeukia Gadiel, maana ndiye mwenye elimu hiyo. Alikuwa anakwangua doa la maharage ambalo halikuwa limetoka kwenye mkono wa koti.

"Walikuwa nje ya kinanda," akasema. "Lakini mtu aliyekosea anayumba, anapanda, anashuka. Hawa hawakuyumba. Walikuwa nje pamoja, mwanzo hadi mwisho."

"Ndiyo, lakini niandike nini?"

"Andika ulichosikia," nikamwambia.

Hakuandika kitu. Nikachukua daftari mkononi mwake, nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule ninaoandikia joto la ng'ombe: *Muziki wa ringi, dakika kumi na mbili, umepigwa kama ulivyoandikwa.* Nikatia sahihi na tarehe.

Nafasi ya dayosisi alipewa mtu mwingine, kijana mzuri, anakijua kinanda. Aika ana wapigaji wake wanne, na kila Alhamisi jioni wako uani kwangu. Ng'ombe wamezoea.